Damu ya Mama Mkwe

Pale maabara tunamwita Baridi, maana kazi yake ni kulinda tangi la naitrojeni, ule umajimaji wa baridi kali unaohifadhi damu za watu kwa ajili ya utafiti. Kila Jumatatu na Ijumaa analijaza, anatumbukiza kijiti cha kupimia, anaandika daftarini, kisha anapima tena. Mimi, muosha vyombo wa chumba cha pili, nilikuwa nikimtania kwamba tangi lile atalitolea mahari. Alikuwa akicheka tu.

Mwaka juzi mama mkwe wake alimpa mkewe figo moja. Ikafanya kazi vizuri, hadi mwili ukaanza kuikataa. Daktari wetu alinieleza mpaka hata mimi wa masabuni nikaelewa. Ndani ya damu kuna askari waitwao seli T. Wakiona kitu kigeni wanakivamia, hawajali kwamba figo ni ya mama mzazi. Lakini wamo wenzao wachache, watulizaji, kazi yao kuwaambia askari: acheni, huyu ni wetu. Utafiti wenyewe ndio huo: kuwachukua watulizaji wa mgonjwa, kuwazalisha wawe wengi, na kuwafundisha kumtambua mwenye figo, yaani yule mama aliyeitoa. Na huwezi kuwafundisha bila kuwaonyesha seli za mwenye figo, zikiwa hai.

Mwenye figo tulimzika miezi saba iliyopita. Kiharusi. Damu aliyoitoa kabla ya upasuaji ilibaki vichupa viwili ndani ya tangi la mkwewe. Cha kwanza kilitumika mwezi uliopita, watulizaji wakagoma kuongezeka. Nikapandisha hasira, nikauliza kwa nini wasichukue damu ya dada wa mgonjwa, kwani si tumbo moja? Daktari akasema walishampima. Alama ya mama ambayo askari wanaivamia kwenye figo, dada hakuirithi. Kumbe tumbo moja si damu moja.

Jumanne wakatoa kichupa cha mwisho. Baridi hakuruhusiwa kuingia kwa kuwa mgonjwa ni mkewe, akabaki kwangu amesimama mlangoni. Daktari alikiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, akahesabu kwa darubini, akarudia. Kisha akatoka.

"Zilizo hai hazitoshi," akamwambia. "Pole sana, ndugu yangu. Hatuna nyingine."

Nilitafuta wa kumlaumu, nikamkosa. Daftari la Baridi halina siku hata moja iliyorukwa. Seli nyingine hufa tu zikiyeyushwa, basi.

Alikaa juu ya kreti ya chupa zangu. Nikamwambia yale tunayoambiana wote, kwamba Mungu yupo, na mashine ya kusafisha damu ipo. Hakuwa akinisikia.

"Vilitakiwa vitatu," akasema.

Akanisimulia. Mama mkwe alipangiwa kutolewa damu mara tatu. Mara ya pili muuguzi alihangaika na mshipa, akamtoboa huku na huku, na mama wa watu kimya, machozi yanamtoka. Baridi angewezaje kusimama pale akimtazama mkwewe katika hali ile? Akamwambia muuguzi mbili zinatosha, mwacheni mama apumzike. Yeye ni mtu wa ndani, nani angembishia?

"Mkeo anajua?" nikamuuliza.

"Anajua nilimzuia muuguzi. Mama alirudi nyumbani akinisifu. Hata msibani mke wangu aliwaambia watu, jamani, mume wangu alimwonea huruma mama yangu." Akaitoa simu mfukoni. "Hajui kwamba huruma ile ndiyo iliyotunyima kichupa cha tatu. Leo ataniuliza kama kuna kingine. Nimwambie nini?"

Nilifunga bomba, nikakaa naye. Saa tisa simu yake ikaita. Akalitazama jina la mkewe, akaiacha iite hadi ikakatika, na ikaanza tena.