Jiwe la Mikindani na Rangi Zake Mbili

Niliondoka kwa hasira, sifichi. Miaka hiyo ya themanini nilikuwa karani wa ofisi moja ya sampuli za mawe kule Changamwe, na kazi yangu ilikuwa kuyafuata mawe machimboni na kuandika rangi ya kila moja papo hapo. Siku hiyo Bwana Mutiso, mkubwa wetu, alinitupia daftari langu mbele ya watu. Jiwe la Mikindani nimeliandika "kijivu cha majivu" mwezi wa tatu, na "jeusi la masizi" mwezi wa tano.

"Jiwe moja, rangi mbili! Macho yako hayaaminiki. Ijumaa daftari atapewa mwingine, wewe utapika chai."

Miaka sita naandika mawe, leo nikapike chai? Thubutu!

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoka kwangu mtaa wa Shika Adabu, daftari kwapani, nyundo mkobani. Kwenye feri ya Likoni jirani aliniuliza nendako. "Naenda kuyauliza mawe," nikamjibu. Alicheka mpaka tukashuka.

Saa tatu, Kisauni. Nilianzia huku makusudi, nijipime macho kwanza. Bi Mwanahamisi, mponda kokoto za matumbawe, alinitandikia mkeka.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umeufunga hivyo?"

Nikamweleza. Akasonya. "Wapike wenyewe hiyo chai!"

Akaniokotea jiwe, vumbi lake likanimwagikia buibuini, nikajikung'uta. Nikalivunja, nikatazama palipovunjika, kivulini, daftari limefungwa. "Jeupe la tui la kwanza," nikasema kwa sauti. Ndipo nikalifungua daftari. Mwanzo wa mwaka niliandika hayo hayo, neno kwa neno. Macho yangu hayana ila, basi.

Saa saba, Mikindani. Msimamizi wa machimbo, Mzee Rashidi, ni muungwana kupita kiasi. "Karibu, Bi Zuhura, karibu!" Akachagua jiwe, na kabla hajanipa akalichovya kwenye ndoo ya maji, akalisugua kwa kiganja. Likageuka jeusi ti.

"Mzee, unaliosha kwa nini?"

"Ebo! Nimpe mgeni jiwe la vumbi, naye kavaa nguo safi? Sikulelewa hivyo, wallahi."

"Na mwezi wa tatu?"

"Mwezi wa tatu sikuwapo, nilikuwa kwa binti yangu Msambweni. Hawa wengine walikupa hivyo hivyo tu."

Loo! Niliketi chini nikacheka, kisha nikajikasirikia. Heshima ya mzee nimeipokea miaka yote, na maji yake sikuyaandika hata mara moja. Nikalipasua lile jiwe. Nusu nikaianika mpaka ikakauka kabisa: kijivu cha majivu. Nusu nikaifunga majimaji kwenye mfuko wa plastiki.

"Kumbe nimekuponza, mwanangu," mzee akasema, uso umemshuka.

"Hukuniponza, Mzee. Asiyeandika ni mimi."

Saa kumi, Changamwe. Sikuketi. Niliweka nusu mbili mezani kwa Bwana Mutiso, nikamfungulia daftari, nikampa kalamu. "Andika rangi." Akatazama, akaandika kwa mkono wake: kijivu, jeusi. Nikazisogeza pamoja. Zikashikana ufa kwa ufa, jiwe moja.

"Jiwe moja, rangi mbili, na mwandiko ni wako," nikamwambia. "Basi chai tutapika sote?"

Watu wakainama kuficha vicheko. Nikaendelea: "Kosa langu nalikubali. Kuanzia leo naandika kwanza kama jiwe ni kavu au limelowa, ndipo niandike rangi. Lakini daftari sitoi, na jikoni siendi ng'o!"

Akalisukuma daftari kwangu.

Jioni nilivuka tena feri, na nyumbani Shika Adabu nikachora safu mpya mbele ya ile ya rangi. Hilo ndilo nililojifunza: uliza kwanza jiwe limekufikiaje mkononi. Mzee Rashidi aliendelea kunioshea mawe. Nilimshukuru, nikaandika "limelowa", nikangoja likauke, nikaandika tena. Na chai nikawa naletewa mezani.