Njia ya Mjerumani na Maziwa ya Kijiji

Mimi baiskeli nimeijulia ukubwani, nina watoto wawili tayari. Na nimeijua kwelikweli. Siku hizi nawaona Wazungu wanakuja Lushoto na baiskeli nyembamba kama panzi, wamevaa kofia ngumu na vikaptura vya kubana, wanaulizia njia za milimani zilizotulia, zisizo na magari. Nawaangalia nacheka peke yangu. Njia hizo nimezipita kabla mama zao hawajaolewa, tena nyuma nimefunga keni mbili za maziwa!

Ilikuwa wakati wa ujamaa. Huku kwetu Kwai kulikuwa na ng'ombe wa kijiji, wale wa kizungu wenye mabaka, na sisi kina mama ndio tuliokuwa tunawakatia majani na kuwakamua. Maziwa yalikwenda Lushoto, hospitali, kwa ajili ya wagonjwa. Aliyekuwa anayapeleka ni mwanamume mmoja jirani, kwa miguu, keni zinaning'inia kwenye mti begani. Siku moja ya mvua akateleza kule Magamba, akavunjika mguu, maziwa yote yakanywewa na mtaro. Hospitali wakatuma neno: mkishindwa semeni, tutachukua kijiji kingine.

 Sisi kina mama tulijua, maziwa yakikosa pa kwenda, wanaume watasema hao ng'ombe wanakula bure, watawagawa, na mikono yetu iliyochanika kwa majani itakuwa imechanika kwa hasara.

Sasa mimi ndani nilikuwa na baiskeli. Mume wangu alikuwa kibarua wa katani kule chini Mazinde, akainunua, akaipandisha huku juu ya basi, halafu yeye mwenyewe akarudi kazini. Baiskeli ikabaki imeegemea ukuta kama mgeni asiyekaribishwa chakula. Nikaihurumia. Nikawa naitoa jioni naipeleka kwenye shamba la kabichi lililovunwa, najifunza. Nimeanguka pale mpaka mashina ya kabichi yakanizoea. Lakini nikaiweza.

Basi kwenye mkutano wa kijiji nikanyoosha mkono, nikasema, "Maziwa nipeni mimi. Nitapeleka kwa baiskeli."

Mzee mmoja akauliza, "Mwanamke apande baiskeli? Na kanga itakuwaje?"

"Kanga itakaa juu ya suruali, baba. Ninayo ya mume wangu ya kazini, nimeshaijaribu."

Watu wakaangua kicheko. Baba mkwe wangu hakucheka. Yeye alikuwa ndiye mzee wa kusikilizwa, akikohoa tu watu wananyamaza. Akakohoa. Akasema, "Apande. Lakini baiskeli haina adabu, adabu anayo mtu. Nikisikia mzee mmoja tu kapitwa bila salamu, baiskeli naipandisha darini, na maziwa yatafutiwe mwanamume."

Na wasiojua kwetu waelewe hapo nilikuwa nimefungwa kamba. Mtu mzima humsalimii umekaa juu ya baiskeli kama kuku kwenye kiota. Unashuka, unaishika baiskeli, unapiga goti kidogo, shikamoo. Na salamu ya Kishambaa si neno moja ukaenda zako. Umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, watoto, kifua chako kile, ng'ombe, mahindi, mvua huko kwenu. Naye akimaliza kujibu, anaanza yeye kukuuliza, mpaka pale pale ulipoanzia. Ukimkata katikati, umemtukana.

Siku ya kwanza nikashika barabara kubwa. Asubuhi hiyo utadhani wazee wote wa Usambara walikuwa na safari! Nikipanda, nashuka. Shikamoo. Nikipanda, shikamoo. Mmoja alikuwa na mgonjwa, nikampa pole yote inayostahili. Jua likapanda, keni zikapata moto. Nilipofika, mpishi wa hospitali akafungua mfuniko, akanusa.

"Mama," akaniambia, "wewe umeleta mtindi. Sisi tuliagiza maziwa."

"Nimechelewa njiani, nilikuwa nasalimia."

"Basi kesho uje na salamu tu, maziwa uyaache."

Nilicheka, lakini nilirudi nimenuna. Nikishuka kusalimia, maziwa yanaganda, hospitali inatuacha. Nisiposhuka, baiskeli inakwenda darini. Huku shimo, huku shimo.

Aliyenitoa ni bibi mmoja kizee, jirani yetu, alikuwa akishinda uani anaota jua. Akanisikiliza, akasonya. "Kwani njia ya Mjerumani imekufa?"

Nilikuwa nimeisikia tu. Mjerumani alipokuwa na shamba lake huku aliwachimbisha watu njia ya magari ya kukokotwa na wanyama, inazunguka mlima polepole, haipandi kwa ghafla. Bibi akasema baba yake aliichimba kwa kiboko, na wenzake wengine hawakurudi nyumbani. Kwa hiyo wazee hawapiti pale. Si kwamba wanaogopa, ni hasira. Baba wa mtu amepigiwa pale, wewe utapita unapiga mluzi?

"Nami nipite?" nikamwuliza.

"Pita," akasema. "Waliichimba kwa mikono yao, njia si ya Mjerumani tena. Apite mtu mwenye kazi."

Mwe! Njia ile jamani. Hata leo nikifumba macho naiona. Unatoka Kwai na ukungu, majani ya njiani yanakulowesha magoti, unakanyaga polepole, mlima unakuzungusha kama unakubembeleza. Ukiingia msituni ni baridi na giza kidogo, mbega wanakukohoa juu huko, mikia yao myeupe inaning'inia. Maji yanatoka kwenye mwamba, nanawa uso, naendelea. Halafu ghafla miti inaachana, na bonde lote liko chini yako, moshi wa majiko ya watu unatoka kwenye mapaa, na wewe uko juu peke yako na baiskeli yako. Mtu aliyezoea kubeba kuni mgongoni, kuona mlima unamtumikia yeye, acha! Nilikuwa naimba kwa sauti, hakuna wa kuniambia mwanamke nyamaza.

Mteremko ndio ulitaka akili. Wakati ule vipuri vilikuwa adimu, raba za breki zilikwisha na dukani hakuna. Nikafanya kama wachana mbao wakiteremsha mzigo: nakata tawi kubwa lenye majani, nalifunga nyuma kwa kamba, linaburuzika, linanishika. Baiskeli inateremka kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Kusimama kabisa haiwezekani mpaka ufike darajani, lile la mawe, penye tambarare. Lakini maziwa hayamwagiki, na yalifika ya baridi, matamu. Mpishi akanusa, akayamimina kwenye sufuria lake.

Sasa wazee wa barabara kubwa wakaanza kuulizana. Maziwa yanafika, mletaji haonekani! Mmoja akasema huyu mwanamke labda anasafiria ungo. Maneno yakamfikia baba mkwe. Yeye si mtu wa kuamini ungo. Akafuatilia alama za tairi.

Asubuhi moja nateremka na tawi langu, nakunja kona, naona wazee watatu wamesimama katikati ya njia na fimbo zao. Wa katikati ni baba mkwe.

Nikiruka, keni zinakwenda bondeni na maziwa ya wagonjwa. Nikipita kimya, imekwisha, darini. Na kusimama siwezi. Lakini mdomo si ulikuwa haujafungwa breki? Nikiwa bado mbali nikaanza:

"Shikamooni wazee wangu! Mmeamkaje?"

"Marahaba," wakajibu, wamezubaa, huku wananipisha. Nikawa nawapita. Nikaongeza haraka:

"Wa nyumbani wameamkaje, baba?"

Sasa hapo nami niliwafunga kamba. Umeulizwa wa nyumbani, utaacha kujibu? Baba mkwe akaanza kutembea kando yangu. "Wameamka... wameamka vizuri."

"Na kifua cha mama?"

"Kina... nafuu!" Sasa anakimbia. Na wenzake wawili nyuma yake, kanzu wamezishika mkononi, fimbo zinapigana.

"Na wewe baba," nikamgeukia wa pili, "yule ndama aliyekuwa mgonjwa?"

"Ananyonya!"

"Mahindi je?"

"Nguruwe... nguruwe mwitu wameyala!"

"Poleni sana! Mmekesha?"

"Tumekesha!" wakaitikia wote, wanahema kama mivukuto. Na mimi nao, uso nimeukaza, goti siwezi kupiga lakini kichwa nakiinamisha kila jibu. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kuniachia salamu katikati. Watu wa adabu wale! Tukateremka hivyo, mimi na tawi langu na wazee wangu, mpaka darajani, baiskeli ikasimama yenyewe. Nikashuka. Nikapiga goti lililobaki.

Wakakaa juu ya mawe ya daraja. Mwisho baba mkwe akawauliza wenzake, "Amesalimia, hakusalimia?"

"Amesalimia," mmoja akasema, anajishika mbavu. "Amesalimia mpaka nguruwe."

"Wote watatu?"

"Wote. Mimi kanisalimia kuliko mwanangu wa kumzaa."

Baba mkwe akawa anapapasa yale mawe. Baba yake pia alikuwa miongoni mwa waliochimba pale, hilo nililijua baadaye. Akasema, "Basi hakuna kesi. Anayepanda mlima atashuka asalimie. Anayeteremka atasalimia anakwenda, na mzee mwenye miguu atajibu anakwenda. Asiye na miguu asisimame mteremkoni."

Na ndivyo ilivyosemwa mkutanoni, kina mama tukapiga vigelegele, na baada ya pale wengine wawili wakajifunza kwenye shamba langu la kabichi.

Lakini pale darajani hatujamaliza. Baba mkwe akajifuta jasho, akaziangalia keni. "Mkwe wangu, nimekimbia sana. Hebu nimiminie kidogo, nina kiu."

Wenzake wakanikazia macho. Nikafungua lile tawi, nikaliweka kando.

"Baba, hayo ni ya wagonjwa. Maji ya mto hayo hapo chini, baridi kabisa."

Yule mzee wa nguruwe akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Baba mkwe akanitazama, akatazama mto, akainuka taratibu na fimbo yake akaanza kushuka kwenda kunywa.

Nami nikakunja kanga, nikapanda baiskeli yangu mbele yao, nikaondoka.