Sandarusi Niliyomficha Mwenzangu

Kucha zangu hazijawahi kuwa safi tangu niolewe. Kwenye harusi wanawake wenzangu wananyoosha mikono yenye hina, mimi nakunja vidole ndani ya kanga. Si uchafu. Ni rangi ya kupaka ngozi za mikoba, na ile haitoki kwa sabuni, wala kwa ndimu, wala kwa mchanga. Nimejaribu vyote.

Mume wangu alikuwa fundi ngozi hapa mjini Masoko. Alishona makubadhi, mikanda, mikoba na majalada ya msahafu. Kushona kila fundi anashona. Yeye alichora. Ngozi ikishalowanishwa kidogo aliikata kwa kisu chembamba, halafu akagonga pembeni ya kila mkato kwa nyundo na vyuma vidogo, mpaka majani na matawi yakainuka juu kana kwamba yameota palepale. Alikaa barazani, watu wampitie na wamsifu. Mimi nilikaa uani, kwa sababu kazi yangu inanuka.

Kazi yangu ilikuwa rangi. Alinifundisha mama mkwe, mwanamke mkali aliyekuwa akinigombeza kwa Kimatumbi mbele ya watu nisiowajua. Ngozi ikitoka kuchorwa ina rangi moja tu, kama chapati mbichi. Ukisimama mbali huoni jani wala tawi. Ndipo unapaka tope. Tope ndivyo alivyoliita yeye: masizi ya koroboi, nta ya nyuki na dawa ya viatu ya kahawia, unapasha moto pamoja mpaka unakuwa uji mzito. Unalisukumia ndani ya kila mkato kwa mswaki mkuukuu, unangoja kidogo, halafu unafuta juu kwa kipande cha kanga iliyochakaa, mkono mwepesi. Tope linabaki chini kwenye mikato, juu panabaki peupe. Hapo jani linakuwa jani.

Lakini kabla ya tope kuna kitu. Sandarusi. Ni ile gundi ya miti yenye rangi ya asali ambayo wazee wa huku walikuwa wakiichimba ardhini. Unaiponda, unailoweka kwenye spiriti siku nyingi, unachuja, unapaka ngozi nzima mara mbili, nyembamba. Ikikauka huioni. Kazi yake ni kuziba ngozi isinywe. Ukipaka tope bila sandarusi, ngozi inalinywa lote, juu na chini, na hakuna kitambaa duniani kitakacholitoa.

Mama mkwe akaniambia, "Tope mfundishe yeyote. Hii usimpe mtu mpaka mkono wako uanze kutetemeka. Ukitetemeka, mpe atakayebaki."

Yeye alikuwa akiipaka baada ya swala ya alfajiri, nyumba bado imelala. Mimi nikaendelea vilevile. Mume wangu hakuijua. Harufu ya spiriti aliisikia, akadhani nasafishia ngozi. Mwanamume haulizi kinachofanyika uani kama chai yake inafika.

Nyumba ilikuwa ya kwao. Watoto wanaitwa kwa jina lake. Sifa za kazi zilikuwa zake, maana nani anamsifu aliyefuta kwa kitambaa? Changu mimi kilikuwa ile chupa, niliyoifungia ndani ya sanduku langu la nguo, na nafasi yangu pale uani ambayo hakuna mwingine angeweza kuikalia. Hivyo nilidhani.

Halafu akaoa mke wa pili. Alimpata Nangurukuru, alipokuwa akienda kupokea ngozi zinazoshushwa kwenye mabasi. Alikuwa akiuza chai na mihogo ya kukaanga pale stendi. Mmakonde, mdogo kwangu sana, anacheka mkono ukiwa mdomoni. Nilitaka awe mbaya. Nilimngoja awe mbaya miezi mizima. Akawa anaamka kabla yangu kuchota maji, na akaniita dada.

Siku moja mume wangu akaja uani, jambo ambalo hakulizoea.

"Mfundishe mwenzio rangi," akasema. "Macho yako yanachoka."

"Macho yangu yamekwambia wewe?"

"Nakwambia mimi."

"Haya. Na kuchora nani atamfundisha?"

Akarudi barazani.

Nikamfundisha. Nilimfundisha kupika tope, kulijua likiiva, kushika mswaki, kufuta kwa kuzungusha badala ya kuvuta. Sikumficha kitu isipokuwa kimoja. Kila ngozi niliyompa ilikuwa imeshapakwa sandarusi tangu alfajiri. Yeye akipaka tope, akifuta, jani linainuka.

"Dada, kumbe rahisi hivi!"

"Rahisi," nikamwambia.

Baada ya muda akaja mtu mwenye duka Lindi mjini, anauzia wageni. Mtu wa makamo, ameishi Dar, anaongea haraka. Akaagiza mkoba mmoja mkubwa wa bega. Mume wangu aliuchora kwa wiki nyingi. Sijaona tena kazi kama ile. Aliujaza mpaka kwenye kifuniko, majani yamelaliana, na katikati ya majani akaweka korosho, bibo na mbegu yake chini, zile zetu za huku. Hata mimi, niliyekuwa nimemkasirikia, nilipitisha kidole juu yake alipokuwa msikitini.

Ulipokuwa tayari kwa rangi, ikaja habari kwamba binti yangu amejifungua Songo Songo. Nikafunga kanga zangu.

"Dada, na mkoba je?" akaniuliza mwenzangu. "Mwenyewe anakuja Alhamisi ya wiki ijayo."

"Si unajua kazi? Paka."

"Nitaweza peke yangu?"

"Mume kakuona unaweza. Mimi nani nikatae?"

Ningeweza kuupaka sandarusi alfajiri ile kabla ya boti. Chupa ilikuwa pale. Nilifungua sanduku, nikatoa kanga za mtoto, nikalifunga.

Nilikaa kule mpaka mtoto akatolewa nje siku ya saba. Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga maneno. Nitaingia, nitauona mkoba umeharibika, na nitasema kwa sauti ya chini kabisa: mambo ya rangi niachieni mwenyewe. Basi. Sikutaka zaidi ya hapo.

Nilifika Jumatano. Mwenzangu alinipokea kwa magoti. Alinishika miguu akalia, kamasi zinamtoka, hata salamu hakutoa.

"Nimeua kazi ya mume wetu, dada. Nimefuta mpaka kitambaa kimechanika. Haitoki. Nimekosea wapi? Niambie nimekosea wapi!"

Mkoba ulikuwa mweusi wote, kama umetolewa kwenye moto. Majani na korosho zilikuwamo ndani ila huzioni, mpaka upapase kama kipofu. Mume wangu alikuwa amekaa barazani na nyundo mapajani, hagongi. Nilifurahi. Siwezi kusema uongo katika umri huu. Nilifurahi, nikamwambia mwenzangu, "Inuka, mkono wako mzito tu," nikaenda kuoga, nikiyaweka maneno yangu mpaka atulie.

Sikuyasema. Siku ya pili asubuhi yule wa Lindi alifika kabla ya chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Mume wangu akautoa mkoba, akaanza kumwomba radhi. Yule mtu akamkatiza. Akaugeuza, akaunusa, akaupeleka juani.

"Mzee, hii kali! Mbona hukuniambia mnafanya ya hivi? Hii inaonekana ya zamani kabisa, kama imefukuliwa kwenye magofu ya Kisiwani. Wageni wanataka hii hii. Ile mingine imetakata mno, inaonekana ya juzi."

"Hii imeungua rangi," mume wangu akasema.

"Basi mingine yote nitakayoagiza iungue hivi hivi. Nani kaipaka?"

Mume wangu akageuka, akamwita mke mdogo. Akatoka macho yamevimba. Yule mtu akampa mkono, akamsifu. Mimi nilikuwa nimesimama na birika.

Alipoondoka, mume wangu akaja uani kwa mara ya pili maishani mwake.

"Sasa yeye akufundishe wewe," akasema, na wala hakuwa ananikejeli. Alimaanisha.

"Anifundishe kuunguza?"

"Si umesikia wenyewe wanavyotaka?"

Nikamwachia mwenzangu ua wote. Nikachukua ukindu, nikaanza kusuka mikeka kwenye kivuli cha jiko. Watu wakadhani nimepumzishwa kwa heshima. Mwenzangu aliendelea kuninong'oneza, "Dada, mimi najua niliharibu, wao tu hawajui," nami nikawa namwambia usiwe mjinga, kula sifa zako.

Ningeachiwa hapo ningesema nimepata nilichostahili, yaishe. Hayakuisha. Kilichofuata sikukipanga. Nyundo ya mume wangu, iliyokuwa ikigonga kutwa, ilianza kunyamaza kabla ya adhuhuri. Kwanza aliacha korosho. Halafu akaacha majani kulaliana, akawa anachora jani moja moja, la haraka. Nilimuuliza.

"Nimchoree mtu kitu cha kukaa gizani?" akanijibu. "Jani likishapakwa nani analiona?"

Mwisho akawa anagonga chuma kimoja tu, vitone vitone, pembeni kote, kama mtoto anayejifunza. Mikoba ilikuwa inakwenda Lindi vilevile. Mikono yake ikawa mizito. Alikuwa anakaa barazani hatazami anachogonga.

Siku moja, ameshaanza kuugua, tulikuwa sisi wawili. Alikuwa ameshika mkanda wake wa zamani, ule niliompakia rangi mimi tukiwa bado wachanga katika ndoa. Akaupitisha vidoleni.

"Hivi zamani rangi yetu ilikuwa inakaaje juu ya ngozi, isizame?" akaniuliza. "Mama alikuwa anafanyaje?"

Hilo ndilo swali alilopaswa kuniuliza miaka yote. Chupa ilikuwa sandukuni, hatua chache.

"Sikumbuki," nikamjibu.

Akatikisa kichwa, akavaa mkanda wake. Alifariki mvua za masika zilipoanza.

Tulikaa eda pamoja, mimi na mwenzangu, chumba kimoja, nguo nyeupe, wajane wawili wa mtu mmoja. Humo ndani ndimo nilimoanza kumwaga chai. Mwanzoni nilisingizia kikombe. Halafu nikashindwa kutia uzi kwenye sindano, na siku ya pili, na ya tatu. Nikajua siku aliyoitaja mama mkwe imefika.

Eda ilipokwisha tukapanga vitu vyake. Chini ya vipande vya ngozi mwenzangu akakuta jalada la msahafu, limefungwa kwenye gazeti lililogeuka manjano. Lilichorwa zamani, kabla ya mkoba ule. Maua madogo pembe nne na mkufu wa majani kuzunguka. Halikuwa limepakwa kitu.

"Tulipeleke msikitini," akasema mwenzangu. "Liwe wakfu kwa jina lake. Nitalipaka tope leo."

Akaleta kopo, akaleta mswaki. Akachovya. Nilikuwa nimekaa mkekani nikimwangalia. Ngozi iliyochorwa na mkono ule, ambayo haijapakwa kitu, imebaki hiyo moja, na mwenye mkono yuko ardhini.

"Subiri," nikasema.

"Nini, dada?"

"Kabla ya tope kuna kitu."

Nikaenda sandukuni, nikatoa chupa. Nilimweleza yote, kuponda, kuloweka, kuchuja, mara mbili, nyembamba. Mkono wangu ulivyokuwa unatikisika, chupa ilikuwa inagonga ukingo wa kopo. Alisikiliza, mswaki umesimama hewani, tope likimdondokea kwenye kanga.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla hujaja."

Akaweka mswaki chini. Akajifuta tope kwenye kanga.

"Kwa hiyo ule mkoba sikuukosea mimi."

"Hukuukosea."

"Nilikushika miguu."

"Nakumbuka."

"Na yeye akaacha kuchora."

Nikalisogeza jalada mbele yake.

Nilimngoja apige kelele. Nilikuwa na majibu, mwanamke kama mimi hakosi: kwamba alinikuta, kwamba sikumwita, kwamba hata yeye angefanya. Hakupiga kelele. Akachukua chupa mkononi mwangu, akainusa, akachana kipande cha kanga safi. Akapaka sandarusi mara moja, akaacha ikauke, akapaka tena. Alasiri akapaka tope, akangoja, akafuta kwa kuzungusha, kama nilivyomfundisha.

Maua yakainuka. Yote manne, na kila jani la ule mkufu, na hata alama ndogo za kisu nilizokuwa nimezisahau. Alifanya vizuri kuliko mimi, na ilikuwa mara yake ya kwanza. Alilitazama kwa muda, akalifunika kwa kitambaa, akaenda kunawa. Mimi hakunigeukia.

Jalada liko msikitini sasa, upande wa wanaume. Wanasema ni kazi nzuri, wanamwombea marehemu. Chupa anakaa nayo yeye, na asubuhi nasikia harufu ya spiriti kutoka uani, lakini barazani hakuna anayegonga tena, sijui anapaka nini. Sijamuuliza.

Hajanitupa. Nguo zangu anafua, na chai ananiletea kila siku, kikombe nusu kwa sababu ya mkono wangu.

"Chai hiyo, bi mkubwa," anasema.

Dada hajaniita tena.