Risasi ya Mzee Kahiga

Baba yangu, Mzee Kahiga wa Subukia, ana miaka tisini na miwili. Kila Siku ya Mashujaa wanamkalisha mbele, naye anapiga paja akisema, "Risasi ya mkoloni iko humu!" Hadithi yenyewe naijua kama sala ya Baba Yetu: rafiki yake Mburu alipigwa risasi msituni wakati wa vita vya uhuru, Baba akambeba mgongoni, Baba naye akapigwa pajani, akajikokota naye hadi mtoni, na Mburu alipokata roho akamzika kwa mikono yake na kuweka jiwe juu ya kaburi.

Juzi aliteleza bafuni kwangu, mtaani Section 58. Daktari akaagiza eksirei ya paja. Ajabu, mzee akaanza kutetemeka. Kwenye benchi la hospitali alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

"Wangare, turudi nyumbani."

"Ai, Baba! Ni picha tu, haiumi. Wacha utoto."

Mimi na mdomo wangu! Nilidhani anaogopa kufa.

"Wangechi anakuja?" akauliza.

Wangechi ni binti wa Mburu, aliyezaliwa baba yake akiwa ameshapotelea msituni. Miaka mingi amemletea Baba maziwa kila Jumapili, shukrani tu. Nilimwambia ndiyo, yuko njiani, anataka kuiona hiyo risasi.

"Hakuna risasi," Baba akanong'ona. "Nilivunjika mguu nikianguka kwenye shimo la mtego. Nilikuwa natoroka. Mburu aliniita kwa jina, nikazidi kukimbia."

Niliogopa hata kumtazama usoni.

"Nyamaza, Baba, watu watasikia." Ndiyo, hayo ndiyo niliyosema, mimi ninayejidai kupenda ukweli. Nilishaanza kufikiria jinsi ya kuificha picha.

Wangechi akatokea na chupa ya uji. Nilimkanyaga Baba mguu anyamaze. Wapi! Alimwambia yote, benchi zima likisikia. Nilingoja matusi.

Wangechi aliweka chupa chini polepole.

"Ya risasi sijali, Baba. Lakini ulirudi ukamzika?"

"Sikurudi, mwanangu. Niliogopa."

"Na lile jiwe la mtoni?"

"Nililiweka mimi, vita vilipokwisha. Chini hakuna mtu."

Wangechi akaketi, akanishika goti kana kwamba ni mimi niliyeulizwa.

"Mama aliomba azikwe kando ya mumewe," akasema. "Sasa pale tulimlaza na nani?"