Foleni ya Mwalimu Mawien

Kwa siku tatu Mawien Kuol alijua kwamba kosa lilikuwa lake, na kwa siku tatu alinyamaza.

Mawien ana umri wa miaka thelathini na minne. Aliingia Kakuma akiwa mtoto, akasomea kambini, na sasa anafundisha hisabati katika darasa la mabati karibu na kituo cha kugawia chakula. Baada ya vipindi huwaandaa watu wazima wanaotaka kusomea stashahada ya ualimu katika chuo kimoja cha Lodwar. Wao humwita Profesa. Hana shahada, lakini hakuwahi kuwakataza.

Anajulikana kwa kueleza mambo magumu kwa vitu vya kambini. Mfululizo wa vipeo, yaani jumla isiyoisha ya vipeo vya x, kila kimoja na namba yake ya kuzidishia, aliufananisha na foleni ya mgao. Ukitaka kujua badiliko la sita la mfululizo huo kwenye kitovu chake, ambacho ni sifuri, si lazima utafute kasi ya badiliko, kisha kasi ya kasi hiyo, mpaka mara sita. Chukua namba ya kuzidishia inayohusika, izidishe kwa 720, ambayo ni moja mara mbili mara tatu hadi sita. Umemaliza.

“Badiliko la sita, mwite mtu wa sita,” aliwaambia. “Aliye mbele kabisa mhesabu sifuri.”

Katika mifano yake hakuna kipeo kilichorukwa, kwa hiyo kila jibu lilitoka sawa.

Desemba 2012 wanafunzi wake sita walifanya mtihani wa kuingia chuoni. Swali la nne liliwapa e iliyopandishwa kwa kipeo cha x mraba, likataka badiliko la sita kwenye sifuri. Mfululizo huo una vipeo sifuri, mbili, nne, sita na kuendelea. Vya witiri havimo. Wote sita waliandika 1.

Barua ya chuo ilifika Jumanne moja ya Januari. Ilisema watahiniwa sita wa Kakuma wanashukiwa kunakiliana, matokeo yao yamezuiwa, na wafike Lodwar Ijumaa pamoja na mwalimu wao. Wakipatikana na hatia, wangefungiwa mtihani kwa miaka mitatu. Nyibol, mama wa watoto wawili aliyejiandaa tangu 2010, aliisoma barua kwa sauti, akamkabidhi Mawien.

Alasiri hiyo Mawien alikaa peke yake na kalamu na karatasi. Kipeo sita, ukianza kuhesabu na sifuri, kilikuwa kimesimama nafasi ya tatu, na namba yake ya kuzidishia ilikuwa moja ya sita. Mara 720, jibu ni 120. Mtu wa sita ambaye Mawien aliwafundisha kumwita alikuwa na kipeo kumi na mbili, na namba yake ilikuwa moja ya 720; mara 720, ndiyo ile 1 yao.

Amepanga foleni ya mgao tangu utotoni. Anajua kwamba karani haangalii umesimama wa ngapi; anasoma namba iliyo kwenye kadi yako. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Jumatano Khadar, mwanafunzi mwenye duka la simu, alimpiga begani. “Profesa, Ijumaa uwapige hesabu hao watu ya Lodwar mpaka walie!”

Walicheka wote. Mawien naye alicheka. Kicheko hicho, anasema, ndicho kinachomnyima raha mpaka leo.

Huko Lodwar, msimamizi wa mitihani, Bwana Ekwam, aliwasalimu kwa “ejok” fupi, akatandaza karatasi sita mezani.

“Nani alimwonyesha mwenzake?”

“Hakuna,” alisema Nyibol.

“Mama, watu sita wakosee sawasawa, hatua kwa hatua?”

“Hatujakosea. Hiyo ndiyo jibu tulifundishwa. Muulize mwalimu wetu. Profesa, mwambie.”

Macho yote yalimgeukia. Mawien alitoa karatasi mfukoni. Mikunjo yake ilikuwa imeanza kuchanika.

“Jibu ni mia moja na ishirini,” alisema. “Hawakunakiliana. Mimi ndiye niliwaambia wahesabu nafasi. Walipaswa kusoma kipeo, kama karani wa mgao anavyosoma kadi.”

“Kwa hiyo uliwafundisha makosa.”

“Niliwafundisha makosa.”

Ekwam alilinganisha karatasi ile na zile sita, mstari kwa mstari, bila haraka. Kisha akaandika kwamba shtaka la kunakiliana limeondolewa. Majibu yalibaki makosa. Watano walifaulu. Nyibol alipata alama arobaini na saba, na za kufaulu ni hamsini. Swali la nne lilikuwa na alama sita.

Nje ya lango, wenzake walipotangulia stendi, Nyibol alibaki.

“Ulijua lini?”

“Jumanne.”

“Na Jumatano ulicheka na sisi.”



Mtihani mwingine ni Julai. Jumatatu iliyofuata Nyibol alikuja darasani, akaketi benchi la mbele. Mawien aliandika mfululizo ubaoni, akainua chaki kuhesabu.

“Kadi, mwalimu,” alisema Nyibol. “Soma kadi kwanza.”

Hajamwita Profesa tena. Mawien alirudi mwanzo wa mstari, akavisoma vipeo kwa sauti, kimoja kimoja.