Kaseti Iliyokwenda na Ng'ombe

Naweza kusimulia sasa kwa sababu nimeshaoa, lakini siku ile pale Kitshanga, kwa wakwe, niliomba ardhi ipasuke inimeze, na ardhi haikunisikia.

Mnanijua mimi na kaseti yangu. Marehemu baba aliinunua sokoni Sake nikiwa na miaka tisa, muuzaji akamwambia ni kwaya, kumbe ni wazungu wanne wenye magitaa yanayokoroma, na mmoja wao analia kama amebanwa vidole na mlango. Baba hakuisikiliza tena. Mimi sikuiacha: jina lilishafutika, Kiingereza sijui, lakini kila pumzi ya mle ndani naijua, na mara zote tatu tulipokimbia vita niliibeba (sufuria tulisahau, kaseti hapana). Nilikuwa naipiga hata nikikamua, na hapo ndipo nilipojiharibia, maana ng'ombe wangu Gaju aliizoea mpaka akawa hateremshi maziwa ya ndoo bila wimbo wa tatu wa upande A.

Huyo huyo Gaju, pamoja na ndama wake, ndiye niliyempeleka kuwa mahari ya Furaha. Baba yake, Papa Bahati, ni shemasi wa kanisa lisilotaka hata ngoma. Akaniuliza mbele ya watu, kama inavyoulizwa siku zote ng'ombe akikabidhiwa, "Ngombe iko na tabia gani?" Hapo mtu husema yote, anapiga teke, anaogopa mvua, lolote. Nikaitazama Biblia iliyokuwa kwapani mwake, nikajibu, "Papa, haina tabia." Maneno matatu tu.

Siku ya nne nikaitwa. Nikakuta familia nzima, wazee sita wa kanisa, na ndoo tupu katikati ya ua.

"Mukwe," akasema Papa Bahati, "mutoto ya ngombe iko nanyonya, sisi tunaangalia tu. Ile ndio heshima ya binti yangu?"

Furaha alikuwa mlangoni, hanitazami. Nikaona ndoa inaondoka hivi hivi, nikaogopa kweli, nikasema ukweli. "Papa, iko nangojea muziki."

Hakuna aliyecheka (afadhali wangecheka). Wakataka waone. Nikaweka kaseti kwenye redio yangu, nikachuchumaa chini ya Gaju, wimbo wa tatu ukaanza na betri zikafa papo hapo, basi ikabidi niuimbe mwenyewe, kwa Kiingereza nisichokijua, na gitaa nikalipiga kwa mdomo, mbele ya wazee sita na mama mkwe. Gaju akasimamisha masikio. Maziwa yakashuka. Sikuthubutu kunyamaza, nikaimba mpaka mwisho wa upande A, ndoo ikajaa.

Papa Bahati akaonja, akafuta midomo.

"Maziwa iko muzuri. Sasa utatuachia na ile kaseti."

Nikamwambia ninayo moja tu, tangu utotoni.

"Na mimi niko na binti moja tu," akasema.

Nikaiacha. Furaha akanisindikiza hadi barabarani, mkono mdomoni kuzuia kicheko, mabega yanatikisika.

Nimeapa: nikiulizwa tabia ya ng'ombe nitataja zote, na zangu nitaongeza. Huyu niliye naye sasa namkamua kimya kabisa. Mke ninaye, nashukuru. Ila kila tukienda kuwasalimu wakwe namharakisha Furaha njiani, tufike saa ya kukamua, nikae nje ya zizi kama mtu anayepumzika, mpaka upande A uishe.