Fundi Huenda na Kamba za Lifti

Mume wangu ni fundi wa lifti, na katika jengo letu lote hakuna anayemwita kwa jina lake la ubatizo. Wanamwita Huenda. Ukimuuliza kama lifti inafanya kazi leo, anakujibu, "Huenda." Ukimuuliza kama mvua itanyesha, huenda. Siku alipokuja kwetu kuniposa, marehemu baba alimuuliza kama ataweza kunitunza. Akafikiri kidogo, akasema, "Huenda nikaweza, Mungu akinijalia." Shangazi zangu wakaguna. Baba akasema, "Mpeni. Waliomtangulia wote walisema wanaweza, na wote walikuja na viatu vya kuazima."

Sijajuta. Nimezeeka naye na mpaka leo hajawahi kuniahidi kitu.

Mimi napiga deki ngazi za jengo hilohilo, ghorofa sita. Chumba chetu kiko uani, nyuma ya matangi ya maji. Tumepewa kwa sababu ya kazi yake. Kazi ikiondoka, na chumba kinaondoka. Lifti yenyewe ni ya zamani, ile yenye geti la kuvuta kwa mkono. Kila asubuhi mzee wangu hupanda chumba cha mashine kule juu kabisa, akapitisha kitambaa taratibu kwenye kamba za chuma zinazoibeba. Kitambaa kikiteleza, kamba ni nzima. Kikikwama, ujue uzi mmoja wa chuma umekatika. Mwaka juzi kilianza kukwama. Siku hiyo alinikuta nasuuza ndoo, akasimama, akaniambia, "Mama watoto, wewe uwe unatumia ngazi."

"Kazi yangu si ndiyo hizo ngazi?"

"Basi vizuri," akasema, akaenda zake.

Alimwambia na bosi, mwenye jengo. Bosi ni mtu mkubwa, kwa mali na kwa mwili, na ofisi yake iko ghorofa ya sita. Hata akitaka kumsalimia kinyozi wa ghorofa ya kwanza, hupanda lifti. Alimjibu, "Fundi, hizo kamba zinaweza kungoja." Zikangoja.

Ndipo watu wa bima wakatuma habari kwamba mkaguzi wao anakuja. Ni mgeni, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji, na anataka kuongea na fundi mwenyewe, mdomo kwa mdomo, bila mkalimani. Bosi akamwita mzee wangu.

"Fundi, Kiingereza unakijua?"

"Huenda nikajifunza, bosi."

"Hakuna cha huenda! Utajifunza 'it can'. Maana yake inaweza. Akikuuliza lolote juu ya lifti yangu, wewe 'it can'. Umenielewa? Lifti ikifungwa, nawe funga mizigo."

Akaleta na ndoo ya grisi, akaamuru kamba zipakwe mpaka zing'ae. Zikapakwa. Ukizitazama ungesema zimetoka dukani.

Ghorofa ya tatu kuna binti anayewafundisha watu wazima Kiingereza. Bosi akamwomba amnoe mzee saa za mchana. Kwa kuwa fundi ndiye pia anayeiendesha lifti na haruhusiwi kuiacha, darasa likawa humohumo ndani. Yeye alikaa kwenye kigoda chake, mwalimu akakalia kreti ya soda, wakawa wanapanda na kushuka na abiria. Mimi nikiwa kwenye ngazi na dekio langu nilisoma nao, ila vipande vipande. Swali nilikuwa nalisikia ghorofa ya pili, jibu likatolewa wakiwa ya nne.

"Baba, 'can' ni uwezo. Jambo liko mkononi mwako. 'Could' ni uwezo wa zamani. Kwa mfano, 'I could run.' Nilikuwa naweza kukimbia."

"Hilo ni la magoti yangu," akasema mzee.

Penye 'may' na 'might', yale ya huenda, ndipo alipochangamka. Sikuwahi kumwona akipenda kitu namna ile tangu aliponunua spana mpya. Maisha yake yote watu wamemcheka kwa hilo huenda lake, kumbe kuna watu wamekaa wakalipimia saizi. Alirudi chumbani akanieleza, chakula kinapoa mbele yake.

"Sikiliza, mama. 'Can' ni nati iliyokazwa kwa spana. 'May' ni nati iliyokazwa kwa mkono. 'Might' ni nati iliyowekwa tu, ikae."

"Na wewe unapoulizwa kama lifti inafanya kazi, huwa unasema nati gani?"

Akatafuna. "Inategemea na siku."

Siku iliyofuata mwalimu alimwambia atunge sentensi zake mwenyewe kuhusu kazi yake. Wakati huo lifti ilikuwa imesimama penye ghorofa niliyokuwa napiga deki, nikasikia zote tatu. "This lift can carry eight people," akasema. Inaweza kubeba watu wanane. "It may carry nine." Huenda ikabeba tisa. Akafikiri, akamalizia, "It might come back." Pengine ikarudi.

Mwalimu akafunga kitabu chake. Kisha akamwambia sentensi zote ni sahihi, akafungua geti, akashuka kwa ngazi. Nilimpisha na ndoo yangu. Tangu hapo darasa likahamia kwenye kiti cha mlinzi, chini, mbele ya geti la lifti.

Jumapili tukitoka kanisani, mzee aliniuliza bila kunitazama. "Nikisema 'it can' juu ya zile kamba, ni uongo?"

Nilikiwaza chumba chetu na yale matangi, nikajiuliza kitanda kile tutakipeleka wapi, maana hata mlangoni kiliingia kwa kukatwa mguu. Nikamwambia, "Kiingereza sikijui, baba. Ila nadhani hata kwa Kiingereza kamba ni zilezile."

"Huenda," akasema. Tukashika njia ya nyumbani. Mimi nilikuwa naomba moyoni, na kusema kweli sikujua naomba lipi: asiseme uongo, au tusihame. Niliomba yote mawili, Mungu atajua mwenyewe ayapangeje.

Mkaguzi akaja. Mzee mwembamba mwenye tochi. Aliona sakafu yangu imelowa, akafuta viatu kwanza ndipo akapita. Nikampenda hapohapo. Bosi alikuwa amevaa suti, anatabasamu na meno ya mwisho. Mimi nilisimama chini ya ngazi na dekio, mwalimu kando yangu akininong'oneza maana.

Mkaguzi akauliza kama lifti inaweza kubeba watu wanane.

"It can," akasema mume wangu. Bosi akatikisa kichwa kwa furaha.

Akauliza kama geti linaweza kufunguliwa kwa ndani umeme ukikatika.

"It can."

Akauliza kama kamba zinaweza kushika mpaka mwakani.

Mume wangu akatoa kile kitambaa mfukoni, akaanza kukikunja. Akakikunjua. Nilimwona kijasho kikimtoka pale penye upara. Bosi akakohoa.

"It might," akasema.

Mwalimu akanishika mkono. Hapo sikuhitaji kutafsiriwa, nati ile nilikuwa naijua.

Bosi akacheka kwa nguvu, akamweleza mkaguzi kwa Kiingereza kinachotiririka kwamba mzee amejifunza juzijuzi tu, anachanganya maneno, alitaka kusema 'can'. Kisha kwa Kiswahili, huku bado anacheka, "Fundi, unataka kulala wapi leo?"

Mkaguzi akauliza tena, polepole, neno kwa neno.

"It might, sir," akasema mume wangu. Akakirudisha kitambaa mfukoni. "It might not."

"Hiyo ya mwisho, ya huenda zisishike, sijamfundisha," mwalimu akaninong'oneza. "Kaitengeneza mwenyewe."

Bosi akasema kamba ni imara, yeye ndiye mwenye lifti na yeye ndiye anayejua. Mkaguzi hakubishana. Akasema vema, basi twende wote watatu juu kwenye chumba cha mashine tukazitazame. Akavuta geti. Mume wangu akaingia, kwa sababu huingia kila siku. Mkaguzi akatia mguu mmoja. Wakamgeukia bosi.

Bosi akatazama juu zilipo kamba, kisha akatazama saa yake. Akasema wao watangulie, yeye daktari amemwagiza apande ngazi.

Nilisogeza ndoo apite. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ilikuwa na ghorofa sita. Tulimsikia akipumzika ya pili, akapumzika tena ya tatu, ya nne akapumzika sana. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mguu wake kwenye lifti, akamwashiria mume wangu naye atoke, akafungia getini kibao chekundu cha kupiga marufuku lifti. Hakuuliza tena kitu.

Juu kabisa ikasikika sauti ya bosi, haina pumzi. "Mnakuja?"

Mume wangu akainua uso. "Huenda, bosi!"

Tulifunga mizigo. Kitanda nilikuwa nimeshakivua shuka. Lakini siku zikapita na hakuna aliyekuja kutuambia tutoke. Bosi alikuwa anapanda ngazi kila asubuhi kwenda ofisini, akinikuta ananisalimia kwa kichwa tu kwa sababu pumzi ya salamu hana. Wiki ya pili akasimama ghorofa ya tatu, akashika ukuta, akaniambia, "Mama, mwambie fundi kamba zimeagizwa. Atazifunga yeye, nani mwingine anaijua takataka ile?" Nikamwambia nitamwambia, Mungu akipenda. Nikafungua mizigo.

Kamba zikaja, mkaguzi akarudi, kibao kikatolewa. Mimi nilikuwa naanza ngazi za chini mume wangu aliponiita. Alikuwa amesimama ndani ya lifti, geti wazi, kitambaa begani.

"Mama watoto, panda."

"Mimi? Si ulinikataza?"

"Panda."

"Itatufikisha?"

Nilimsubiri. Lile huenda lake nilikuwa nimeshalisikia kabla hajalitoa.

"Inaweza," akasema.

Nikaweka dekio chini, nikaingia, nikashika mkono wake kwa mikono yote miwili na kufumba macho. Tukafika juu. Ndoo nilikuwa nimeiacha chini, nikashuka kwa ngazi kuifuata, maana kuhusu kurudi hakuwa ameniahidi kitu.